Mwanaume Mmoja Kila Nyumba

Mume wangu ni fundi cherehani. Ukitaka sare ya shule, suruali ya harusi, au kupunguziwa ile sketi uliyonunua kubwa kwa sababu ilikuwa bei rahisi, mtafute sokoni Chepilat, chini ya mabati, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Ukitaka mtu wa kwenda vitani, tafadhali mpite. Goti lake moja lilikataa kukunjika zamani, na panya akionekana ndani ya nyumba anayeitwa ni mimi. Lakini vita vilipotufikia hakuna aliyeniuliza maoni. Kokwet, yaani baraza la kijiji chetu, liliketi likaamua kwamba kila nyumba itoe mwanaume mmoja wa kulinda mto. Nyumba yetu ilikuwa na mwanaume mmoja tu, ndiye huyo.

Nasema vita kwa sababu wenyewe ndivyo walivyoviita. Mto unaotutenganisha na watu wa ng'ambo ni mdogo, ng'ombe anavuka bila kulowesha tumbo. Tunauziana ndizi na maziwa, tunaoana, tunazikana. Kisha ng'ombe wa mzee mmoja wa kwetu wakapotea, hadi leo hawajaonekana, na watu wakasema nyayo zimeelekea mtoni. Siku chache baadaye duka moja la ng'ambo likachomwa. Nani alichoma sijui, na wanaojua hawasemi. Basi huku wakasema wale wanakuja, kule wakasema hawa wanakuja, na kila upande ukateremka mtoni kumngojea mwenzake.

Mimi nilikuwa na langu la kuogopa. Binti yetu ameolewa ng'ambo. Alikuwa amerudi kwangu kujifungua mtoto wa kwanza, mume wake akabaki nyumbani kulisha kuku na kuendesha pikipiki yake ya bodaboda. Ng'ombe walipopotea, tumbo lilikuwa limeshuka kabisa. Na kule nako, tulisikia, kila nyumba ilitakiwa itoe mwanaume. Yaani baba yake angesimama ukingo huu na mume wake ukingo ule, na mjinga mmoja tu akiachilia mshale, binti yangu angekuwa yatima au mjane kabla mtoto hajashika titi. Mengine yote ya vita vile nilicheka, tena nacheka mpaka sasa. Hilo sikulicheka.

Hebu nikuambie walivyoandikishwa. Asubuhi wazee walipita nyumba kwa nyumba, na nyumba isiyotoa mtu ingetoa kondoo. Sijawahi kuona magonjwa yakiingia kijiji kimoja kwa kasi vile. Mwalimu wa kwaya alishikwa na mgongo, akawapokea wazee amelala kifudifudi. Jirani yangu, ambaye kanisa hulijua kwa harusi na matanga tu, aliokoka asubuhi hiyohiyo, akasema Bwana amemkataza kumwaga damu. Wazee wakamwambia vizuri sana, Bwana atakuwa naye mtoni. Kuna mwingine aliingia chooni akajifungia. Wazee wakatoa viti nje wakaketi, wakaomba chai, wakanywa, wakaomba ya pili, hadi akatoka mwenyewe.

Kwetu hawakupata shida. Mume wangu si mtu wa kukataa, yeye hunung'unika tu. "Mimi nina sare za watoto hazijaisha," akawaambia.

"Utazimaliza vita vikiisha," wakamjibu.

"Na vikiisha mimi nikiwa nimeisha?"

Wazee wakanitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemfundisha kusema hivyo.

Sasa silaha. Ukutani kwetu kulikuwa na upinde wa babu yake, umening'inia pale tangu niolewe, na kazi yake ilikuwa kushika buibui. Mume wangu aliushusha, akaupangusa vumbi, akajaribu kuuvuta mbele yangu. Ukalia kha! Ulikuwa umeliwa na wadudu ndani kwa ndani. Akauunga kwa kijiti, akaufunga kwa utepe wake wa kupimia nguo, kwa sababu ndiyo kamba pekee aliyoipata karibu. Akaenda kutetea kijiji na upinde wenye inchi na sentimita.

Usifikiri wenzake walimzidi. Nyuzi za pinde zilitoka kwenye magunia ya mbolea. Mishale ilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Aliyeokoka alivaa lile eproni la plastiki la kuchumia majani chai, akasema mshale utateleza. Mwalimu wa kwaya, ambaye mgongo wake ulipona alipotajiwa kondoo, alibeba mwavuli. Ilikuwa miezi ya mvua, na mchana kwetu mvua haikosi, kwa hiyo nadhani ndiye peke yake aliyejiandaa kwa adui aliyekuja kweli.

Kamanda wao alikuwa soja mstaafu wa mashamba ya chai. Alikuwa amelinda geti kwa miaka mingi, na mambo ya vita aliyajua kwa upande wa geti: nani aingie, nani asiingie. Alivaa kofia yake ya zamani akawapanga mistari, "Kushoto! Kulia!", na nusu ya jeshi ikaenda kulia na nusu ikasimama kuuliza kama ni kulia kwake au kulia kwao. Sisi wanawake tulikuwa tumesimama kando na sufuria. Tulicheka hadi kamanda akatutangaza kuwa hatari kwa usalama.

Maana na sisi tuliandikishwa. Jeshi lazima lile, na chakula ilikuwa zamu ya nyumba. Tulipika ugali, tukapika githeri ya mahindi na maharagwe, tukabeba na mursik, maziwa yetu ya mgando, kwenye vibuyu, na nakuambia wale watu walikula. Nyumbani wanaume hao husema nyama ina chumvi nyingi, chai haina sukari. Mtoni walikomba sahani bila neno. Wakishashiba walilala kwenye nyasi, mmoja akiachwa macho, naye alikuwa kwa kawaida mume wangu, kwa sababu goti lilimuuma akilala chini. Alikaa juu ya jiwe akitazama ng'ambo, na ng'ambo, kati ya watu wao waliojifunika magunia wakinyeshewa mvua ileile, alimwona mkwe wake.

Siku ya kwanza alipomwona alirudi nyumbani jioni akaosha miguu. Nikamwuliza, "Yuko?"

"Yuko. Wamempa panga. Halina mpini, amelifunga kitambaa."

"Amekuona?"

"Ameniona. Akainua mkono kunisalimu, mwenzake akaushusha."

Binti yetu alikuwa jikoni akisikia kila kitu. Kumpigia simu mume wake haikuwezekana. Ng'ambo wale waliooa kwetu walikuwa wamenyang'anywa simu wasije wakatoa siri. Siri gani, hata sijui. Labda kwamba hawana mipini. Huku nako kamanda alikuwa ametangaza kwamba atakayeongea na adui ni msaliti. Binti yangu alipiga ile namba, akaambiwa mteja hapatikani, akapiga tena. Nilimwonea huruma hadi nikamkasirikia, nikamwambia aiweke simu chini ale. Hasira yangu haikuwa yake. Ilikuwa ya wanaume wote waliolala kwenye nyasi kule mtoni wakiitwa jeshi.

Mtoto akazaliwa katikati ya hayo, mchana, pale zahanati, msichana, mzima, na sauti ya kuamsha watu kijiji cha pili. Nilishukuru Mungu kwa machozi. Kisha tukamleta nyumbani, na hapo tukakwama.

Sisi ni watu wa kanisa, mtoto atabatizwa, hilo halina mjadala. Lakini kabla ya jina la kanisa kuna jina lingine, la kurenet, jina la kuitwa. Kina mama huketi na mtoto na kumtajia majina ya wazee waliotangulia wa upande wa baba yake, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye aliyerudi, na mtoto ni wake. Nimesikia wahubiri wakilisema vibaya jambo hili, na wahubiri haohao mama zao waliwaita hivyohivyo. Mimi siwezi kulala na mtoto ambaye sijui ni nani.

Shida ni kwamba wazee wa upande wa baba yake walikuwa wa ng'ambo. Majina yao tungeyatoa wapi? Binti yangu alijua mawili, yote ya wanaume. Wanawake wenzangu walikuwa na wasiwasi mwingine: wazee wa kule si wa kabila letu, je, wataitikia wakiitwa kwa desturi yetu? Tulibishana juu ya hilo hadi chai ikapoa. Nikawaambia wafu hawaulizwi kitambulisho, waache waitwe, atakayetaka kuja atakuja. Lakini wa kuwaita hakuwepo, na mtoto akakaa bila jina, tukimwita "huyu."

Kilichotusaidia ni majani chai. Kamanda na ujuzi wake wote alisahau jambo ambalo mtu yeyote wa huku angemkumbusha: kuna siku ya lori. Siku hiyo lori la kiwanda hupita kwenye kituo kuchukua majani, na majani yakishachumwa hayangoji mtu. Yakilala yamekuwa takataka. Basi asubuhi hiyo walipanga mistari vizuri kabisa, na kufikia saa nne mwanaume mmoja akakumbuka kwamba mke wake hana wa kumbebea kikapu. Akaomba ruhusa. Akafuatwa na mwingine. Wa tatu hakuomba. Lori liliposikika likipanda mlima, jeshi zima lilikuwa mbioni kuelekea kituoni, eproni likipepea, na kamanda nyuma yao akifoka. Nilidhani anawafukuza warudi. Kumbe na yeye alikuwa na majani yake.

Alibaki mume wangu, kwa sababu sisi hatuna chai, tuna cherehani. Nilimkuta nilipopeleka chakula, ameketi juu ya jiwe, analinda mpaka wote peke yake na utepe wa kupimia. Na ng'ambo, ambako pia wanalima chai na lori lao lilipita siku ileile, alikuwa amebaki mtu mmoja. Dereva wa bodaboda naye hana majani ya kukimbilia.

Walikuwa wametazamana tu, kila mmoja akiogopa kuanza. Mimi sikuogopa. Nikaweka sufuria chini nikapaza sauti, "Mkwe! Umepata msichana!"

Akaangusha lile panga. Alitaka kuvuka hapohapo. Mume wangu akamwinulia mkono amzuie, maana angevuka wangeichoma nyumba yake jioni. Yule kijana akasimama kwenye matope, maji yakimfika kwenye vifundo, akauliza, "Mama, yuko mzima? Wako wazima wote?"

"Wazima. Mtoto anakula kuliko jeshi."

"Anaitwa nani?"

"Hana jina. Wazee wenu hatuwajui. Nani atawaita?"

Akafikiri kidogo, akasema, "Mama yangu anawajua. Nitamleta kesho."

Kesho yake ndiyo siku ambayo sitaisahau. Binti yangu alikataa katakata kubaki nyumbani. Tulishuka mtoni, yeye, mimi, na mtoto kwenye leso, na jeshi lote lilikuwepo, maana lori lilikuwa limeshapita. Kamanda akatukinga njia. "Hapa ni mstari wa mbele, si kliniki."

"Nimekuja kumpa mtoto jina," nikamwambia. "Kama unajua wazee wa baba yake, wataje wewe, turudi nyumbani."

Hakujua. Akatazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Aliyeokoka akasema jambo la jina huwa haliingiliwi. Mwalimu wa kwaya akatufunulia mwavuli. Hata yule mzee aliyepoteza ng'ombe, ambaye kila siku aliletewa kigoda akakaa mbele kabisa akiwauliza vijana wanangoja nini, aliondoa fimbo yake njiani. Nami nikapita.

Ng'ambo mama wa mkwe wangu alikuwa amesimama majini, gauni amelishika mkononi, mwanawe nyuma yake, na nyuma ya mwanawe watu wao wote na magunia yao. Desturi yetu hufanywa ndani ya nyumba, wanawake peke yao, kwa sauti ya chini. Sisi tulilazimika kupigiana kelele juu ya mto mbele ya majeshi mawili. Nikamfunua mtoto uso. Nikasema, "Haya, mama, ita!"

Akaanza na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa usingizini. Akamtaja dada ya baba mkwe. Mtoto akakunja uso, watu wakanyoosha shingo, halafu akakunjua. Akataja wengine, na kila jina lilivyopita kimya ndivyo wale wanaume walivyozidi kusogea, wetu kwa wetu, wao kwa wao, hadi safu za mbele za pande zote mbili zilikuwa zimesimama majini bila kujua. Mmoja wa ng'ambo akapaza sauti kwamba wamesahau shangazi fulani. Yule mama akamjibu anajua familia yake mwenyewe, ashike upinde wake. Hapo tulicheka, huku na kule, mara moja.

Watu wa Chepilat hupenda kusema nilikuwa nimeficha ugoro kwenye kona ya leso. Kuwa nao nilikuwa nao, na usiniulize mshirika wa kanisa aliupata wapi. Lakini sikuutumia. Sikupata nafasi. Maana yule mama alifikiri kidogo, kisha akataja jina la bibi mmoja ambaye hakuwa wa karibu sana, mke wa baba mdogo, aliyekuwa akiuza ndizi sokoni. Na mtoto akapiga chafya. Akapiga tena, kwa nguvu, hadi akajishtua mwenyewe akaanza kulia.

Wale wa ng'ambo walishangilia, na wa kwetu wakashangilia kabla hawajakumbuka wao ni nani. Bibi yule wengi tulimkumbuka. Mimi mwenyewe nilinunua ndizi kwake nikiwa bibi harusi mpya. Nikageuka kumwambia mume wangu, nikamwona yule mzee wa ng'ombe ameinuka kutoka kwenye kigoda chake.

"Ametajwa nani?" akauliza.

Nikamtajia jina.

Akaja taratibu na fimbo yake, watu wakampisha. Nikaogopa. Nikamkumbatia mtoto, maana huyu ndiye aliyekuwa amedhulumiwa, huyu ndiye aliyetaka vita kuliko wote, na sikujua anakuja na nini. Alipofika akavua kofia. Kwetu mzee wa umri ule hamvulii mtoto kofia. Akainama hadi uso wake ukakaribia ule mdogo unaolia, akasema naye kwa lugha yetu, kwa heshima, kama mtu anavyosema na mama yake.

"Mama, ni mimi," akasema. "Yule uliyemfunika kwa majani ya migomba ndani ya ghala lako, wakati wa vile vita vya zamani, watu wenu walipokuwa wakitutafuta. Walikuuliza ukasema hujaona mtu. Sikurudi kukushukuru. Nilisikia umekufa, na hata matanga sikuja."

Mke wake hakuwa anajua. Watoto wake hawakuwa wanajua. Miaka yote hiyo alipita sokoni mbele ya yule bibi na hakuwahi kumwambia mtu. Akajitemea mate kidogo kwenye kiganja, kama wazee wetu wanavyobariki, akampaka mtoto kifuani.

Kisha akainua kichwa, akatazama ng'ambo. "Baba ya huyu mtoto ni yupi?"

Mkwe wangu akanyoosha kidole juu, kama mwanafunzi.

"Vuka," mzee akamwambia. "Na mama yako avuke. Atakayewagusa aanze na mimi."

Wakavuka. Gambuti za yule kijana zilijaa maji, na kila hatua zilipiga kelele, na hakuna mtu aliyecheka. Alisimama mbele yetu akiipangusa mikono kwenye shati ili aikaushe, na shati lenyewe lilikuwa limelowa, akaendelea kupangusa, hadi mume wangu akamshika mkono akamwambia, "Mchukue tu, mwanangu, hataharibika." Akamchukua. Binti yangu, ambaye alikuwa amesimama muda huo wote, akaketi chini kwenye nyasi katikati ya majeshi mawili akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemwambia anyamaze.